Betri za sensa za mwani haziishi siku tatu: ninunue kubwa zaidi?

Swali: Assalaam alaykum kaka. Mie ni mwalimu wa sayansi kwenye skuli moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba. Nimewatengenezea kina mama wa ushirika wa mwani (na mama yangu yumo) nodi (vituo vidogo) sita za kupima joto la maji. Kila nodi ina bodi ya chipu ya ESP32 yenye redio ya LoRa (inafika mbali kwa umeme mdogo), sensa ya joto ya DS18B20 na betri moja ya lithiamu ya 18650 ya mAh 3000, vyote ndani ya kiboksi juu ya mti uliosimikwa shambani. Inapima na kutuma kila dakika 5, getwei inayopokea data zote iko juu ya paa la skuli. Kwenye kodi nimeweka dilei (amri ya kungoja) ya dakika 5 ili ipumzike lakini betri hazimalizi siku ya tatu, na maji yakijaa data nyengine hazifiki kabisa. Ninunue betri kubwa, niweke sola, au nizifanye nodi zipokezane ili kila moja itume karibu? Pesa ni ya ushirika, sitaki kuichezea.

Jibu: Waalaykum salaam mwalimu. Kwanza hongera sana, na nasema kwa moyo kabisa, maana kazi hii ina watu wake wanaoingojea. Kina mama wanalima aina mbili za mwani, wanajua cottonii ndo yenye bei nzuri lakini ndo inayokufa maji yakipata moto, na spinosum inavumilia lakini pesa yake ndogo, kwahiyo mtu akiwa na namba za joto la shamba lake mwenyewe anaweza kuamua apande ipi, wapi, na msimu gani. Ndo maana nataka nodi zako zikae miezi sio siku.

Usinunue kitu bado. Wala betri, wala sola. Na kupokezana data kuache kabisa, ntakwambia kwa nini huko chini.

Tatizo lako la kwanza ni hiyo dilei. Watu wengi wanadhani ukiandika dilei chipu inapumzika, haipumziki, iko macho inahesabu milisekunde moja moja mpaka dakika tano ziishe halafu inaendelea na kodi. ESP32 ikiwa macho hata bila waifai inakula miliampea 30 mpaka 60 hivi, tuseme bodi nzima 50. Sasa chukua mAh 3000 gawa kwa 50 unapata saa 60, yaani siku mbili na nusu. Umeniambia hazimalizi siku ya tatu. Hesabu imekubali kabisa, betri yako haina kosa lolote, imefanya kazi yake yote na karibu yote imeishia kwenye kungoja.

Unachotaka ni usingizi mzito, kwenye kodi unapanga saa ya kuamka halafu unaita esp_deep_sleep_start(). Hapo chipu yenyewe inashuka mpaka kama maikroampea 10, ni mara elfu tano chini ya ile 50. Ikiamka inaanza kodi upya toka juu, kwahiyo vitu unavyotaka ivikumbuke viweke kwenye ile memori ndogo ya RTC (saa ya ndani ya chipu) ambayo haifutiki ikilala.

Lakini mwalimu utafanya hivyo na bado utavunjika moyo, betri itakaa wiki moja na nusu badala ya miezi, nakwambia mapema usije ukaacha. Kuilaza chipu sio kulaza bodi. Redio ya LoRa, kama ni ile ya SX1276 au ndugu zake, ina usingizi wake mwenyewe na lazima uiambie ilale kabla hujalala wewe, ukiisahau kwenye hali ya kusubiri inakula miliampea 1.6 na ukiisahau ikiwa inasikiliza inakula kama 11, ilhali ikilala kweli haifiki hata maikroampea moja. Halafu kuna kitaa chekundu cha pawa kinachowaka saa ishirini na nne ndani ya boksi ambalo hakuna anaekiangalia, king'oe. Halafu regyuleta, inayoshusha volti za betri ziwe za chipu. Tazama kile kipande cheusi chenye miguu mitatu, kama kimeandikwa AMS1117 basi hicho peke yake kinakula kama miliampea 5 hata kama hakilishi kitu.

Na hicho kina ubaya mwengine mkubwa zaidi. AMS1117 inataka umeme unaoingia uwe juu ya unaotoka kwa kama volti 1.1. Chipu inataka 3.3, jumlisha 1.1 ni 4.4, na betri ya 18650 ikijaa pomoni ni 4.2. Yaani toka dakika ya kwanza regyuleta haijawahi kutosheka. Betri ikishuka kidogo tu, redio ikivuta umeme wa kutuma volti zinaanguka, chipu inajizima na kujiwasha, inaanza upya, inatuma, inajizima tena, na wewe ukienda shambani unaona nodi imekufa unasema betri imeisha kumbe ndani yake mna umeme mwingi tu umebaki. Pima volti za betri unayoitoa kesho, ukikuta 3.6 au 3.7 jua ndo hili. Zipo regyuleta ndogo kama MCP1700 au HT7333 zenye kula maikroampea chache tu na zinafanya kazi hata betri ikiwa karibu na 3.5, mwisho wake ni miliampea 250 kwahiyo zinatosha LoRa lakini waifai na Bluetooth zima kabisa kwenye kodi.

Kitu chengine kidogo ambacho kila mtu anakipita. Kama umeweka rezista mbili za kilo-omu 10 ili usome volti za betri, hizo zinavuja miliampea 0.21 mchana na usiku, ambayo ni zaidi ya nodi nzima ikiwa imelala vizuri. Weka za mega-omu moja moja na kapasita ndogo pembeni, inashuka mpaka maikroampea mbili.

Sasa tuhesabu tena, na hesabu hii ningependa uifanye na wanafunzi wako ubaoni kwa sababu ndo kiini cha kazi yote hii. Tuseme umesafisha bodi na ikilala inakula miliampea 0.1, hapo nimekuwa mkarimu. Ikiamka inakaa macho sekunde 2 kwa miliampea 50, hiyo ni 100 (miliampea mara sekunde). Kutuma pakiti ya baiti 20 kwa SF7 (SF ni namba ya kasi ya LoRa, ikiwa ndogo inatuma haraka, ikiwa kubwa inatuma pole pole lakini inafika mbali) kunachukua milisekunde 57, redio ikiwa kwenye nguvu ya juu inavuta 120, hiyo ni kama 7. Jumla 107 kila safari, safari 12 kwa saa, gawa kwa sekunde 3600, wastani ni miliampea 0.36, jumlisha 0.1 ya kulala unapata 0.46. Usihesabu mAh 3000 zote, chukua 2400. Unapata kama siku 217, miezi saba. Ukipima kila nusu saa badala ya dakika tano unavuka mwaka, hata ukitoa kile betri inachovuja yenyewe na joto letu hili.

Betri ile ile.

Halafu iangalie tena ile 107, mia nzima ni kukaa macho na 7 tu ndo kutuma. Nusu ya watu wanaoniuliza wanahangaika na redio wakati kinachowala ni zile sekunde za kuamka. DS18B20 ukiiacha kwenye biti 12 inachukua milisekunde 750 kutoa jibu, ukiishusha biti 10 ni 188 tu na unapata hatua za robo digrii, na sensa yenyewe usahihi wake ni nusu digrii juu au chini kwahiyo hujapoteza kitu chochote cha maana. Toa zile serial print (amri za kuandika ujumbe kwenye kompyuta) zote ulizoandikia majaribio, na usiiwashe redio mpaka jibu la sensa liwe limeshatoka.

Ila redio nayo inaweza kugeuka ikala kuliko vyote, inategemea namba ya SF uliyoweka. Wengi wanaweka SF12 kwa sababu waliambiwa inafika mbali, na kweli inafika, lakini pakiti ile ile ya baiti 20 iliyochukua milisekunde 57 kwa SF7 inachukua 1,319 kwa SF12, ni mara 23, na hapo kutuma kunakula zaidi ya kazi nyengine zote pamoja. Wewe kutoka shambani mpaka paa la skuli huna milima, una maji na minazi. Pandisha antena ya getwei juu kadri unavyoweza, anza na SF7, data zikikosekana panda moja moja. Na punguza nguvu ya kutuma pia mpaka uone mwisho wake, hiyo 120 ni ya desibeli 20, ukishuka 13 inakuwa kama 29.

Sasa maji kujaa. Hapa ndo naona nusu ya pili ya tatizo lako na wala hukuiuliza, umeitaja tu kwa kupita. Mawimbi ya redio hayapiti kwenye maji ya chumvi, sentimita chache tu yanakwisha. Huku kwetu wakati wa bamvua kimo cha maji kati ya kupwa na kujaa kinafika kama mita 4, mti wako wa kiasi gani? Kama kiboksi kinazama basi nodi inatuma ndani ya maji, na kama kodi yako inangoja getwei ijibu "nimepata" na isipopata inarudia, basi kila dakika tano inapiga kelele chini ya maji hakuna anaeisikia. Tuseme inarudia mara 10 na kila mara inasikiliza sekunde 2, hiyo ni kama 1,300 badala ya 107. Mara kumi na mbili, kwa masaa kadhaa, mara mbili kwa siku.

Na kusikiliza ndo kunakoumiza, watu hawaamini. Redio maarufu ya CC2420 iliyotumika kwenye nodi nyingi za mwanzo za utafiti ilikuwa inakula miliampea 17.4 ikituma na 18.8 ikisikiliza, yaani kunyamaza na kutega sikio ni ghali kuliko kusema. Ndo maana utafiti wa miaka ya 2000 ulizama humu kutafuta kanuni za kuwasha na kuzima redio, S-MAC ya mwaka 2002 nodi zikawa zinapangiana muda wa kulala na kuamka pamoja, B-MAC ya 2004 nodi ikawa inafungua sikio kidogo sana kuchungulia kama kuna anaeita halafu inalala tena.

Mie hili lilinifika kwenye bonde la mpunga la Cheju, tulikuwa na nodi za unyevu wa udongo, zimekaa vizuri wiki kadhaa hata tukajiona tumemaliza. Usiku mmoja umeme ukakatika kwenye nyumba iliyokuwa na getwei na haukurudi mpaka kesho yake jioni. Nodi zote zikawa zinatuma, hazijibiwi, zinarudia, hazijibiwi, zinarudia. Tulipokwenda tukakuta betri zimekufa karibu zote kwa pamoja, na mzee mwenye shamba ambae alishaanza kutuamini akawa anatuuliza kwa upole tu "sasa tufanyeje wanangu", na hilo lilituuma kuliko angetugombeza. Umeme ulikatika sehemu moja na betri zikafa bonde zima. Toka siku ile kanuni yangu ni kuwa nodi inajaribu mara moja, isipojibiwa inaweka data kwenye memori na inalala, safari ijayo inatuma za zamani na mpya pamoja. Na getwei ipe betri ya gari ya akiba, ndo pahala pekee kwenye mfumo wako ambapo betri kubwa ina maana, kwa sababu yenyewe lazima isikilize saa zote.

Kwako wewe ni rahisi zaidi kwa sababu bahari ina ratiba. Maji yanajaa na kupwa kila kama saa 12 na dakika 25, kesho yanachelewa dakika 50 hivi, kina mama wanaijua hesabu hii bila karatasi. Kwahiyo nodi ipime muda wote lakini itume pale tu kiboksi kikiwa nje ya maji. Itajuaje? Toboa skrubu mbili za stenlesi nje ya boksi zifike kwenye pini, maji ya chumvi yakizifunika yanapitisha umeme, chipu ikiamka inauliza kwanza "nimezama?", ikiwa imezama inapima, inaandika, inalala. Zipe umeme kwa ile sekunde ya kuuliza tu, ukiziachia muda wote zitaliwa na kutu. Kipimo kimoja cha joto ni baiti 2, kwa kila nusu saa nusu siku ni baiti 48, memori ya RTC ina kilobaiti 8, huwezi kuijaza.

Na hapo unapata faida nyengine bila kuitafuta. Kila pakiti inabeba kichwa chake na mlio wa kuamsha getwei kabla ya data yenyewe. Pakiti sita za baiti 10 kwa SF7 ni milisekunde 247 kwa jumla, ukizikusanya vipimo vile vile sita kwenye pakiti moja ya baiti 20 ni 57. Watafiti wawili Pottie na Kaiser mwaka 2000 walihesabu kuwa nishati ya kutuma biti elfu moja kwa mita 100 inatosha prosesa kufanya maagizo kama milioni tatu, kwahiyo iache chipu ifikirie kwanza. Kaa na kina mama uwaulize wanataka kujua nini hasa. Sidhani kama wanataka namba kila dakika tano, nadhani wanataka kuambiwa maji yamevuka digrii 30 na yamekaa hapo masaa mangapi, hasa zile siku za kaskazi maji yakipwa na jua likiwa kichwani. Basi nodi itume mara moja kwa kila kupwa, na itume haraka pale tu joto likivuka kiwango.

Kuhusu kupokezana. Kwenye vitabu inavutia, safari fupi nguvu ndogo, lakini nodi inayopokelea wenzake lazima iwe inasikiliza, na nimeshakwambia kusikiliza ni nini. Halafu ile iliyo karibu zaidi na skuli itabeba mzigo wa wote, itakufa ya kwanza, na ikifa hizo tano zimekatika hata kama betri zao zimejaa. Mwaka 2000 Heinzelman, Chandrakasan na Balakrishnan wa MIT walileta mbinu ya LEACH, nodi zinajigawa makundi na uongozi wa kundi unakwenda kwa zamu, kama kina mama wanavyopeana zamu kwenye mchezo wa pesa, leo huyu kesho yule, mzigo usimkalie mmoja. Fikra nzuri sana kwa nodi mia msituni. Kwako nodi sita zote zinaiona skuli, kila moja izungumze na getwei moja kwa moja ilale.

Betri sasa kwa haraka. Sokoni utauziwa 18650 imeandikwa mAh 9900, usinunue, betri nzuri za ukubwa ule nyingi hazizidi kama 3500 na hizo zenye namba kubwa mara nyingi ndani hazifiki hata 1500. Boksi lipake rangi nyeupe, betri za lithiamu hazitakiwi kuchajiwa zikiwa juu ya digrii 45 na boksi jeusi juani Pemba linapita hapo bila shida. Sola iwe hatua ya mwisho, na ukiiweka ihesabu kwa masika mawingu yamefunga wiki nzima sio kwa Januari, na utahitaji mtu wa kufuta chumvi na mavi ya ndege kila mara. Ukimaliza haya mengine nadhani hutoihitaji.

Na bodi yenyewe ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, pasi mbili, ila usiguse tundu za plagi na antena. Chumvi ikitua kwenye bodi na unyevu inatengeneza njia ndogo ndogo za umeme kati ya nyaya, unaona nodi iliyokuwa inalala kwa 0.1 imepanda 1 au 2 na hakuna kitu kilichobadilika kwenye kodi.

Kuna kisiwa kinaitwa Great Duck Island, jimbo la Maine kule Marekani, mwaka 2002 watafiti wa Berkeley waliweka nodi 32 kwenye mashimo ya ndege wa baharini. Hawakutakiwa kuwasumbua ndege kwa kwenda kubadilisha betri, wakalenga miezi tisa kwa betri mbili za AA, na kazi waliyoifanya kabla ya kwenda ni hii hii, kuandika kila kitu kinakula ngapi na kwa sekunde ngapi. Wewe una shamba ambalo mtu akienda kubadilisha betri anakatisha kazi ya bamvua, na bamvua halisubiri.

Kwahiyo wiki hii fanya hivi tu. Chukua nodi moja, iache mezani, andika kodi ya kulala tupu bila kitu chengine chochote, weka mita kati ya betri na bodi kwenye kipimo cha miliampea (usianze na maikro, rezista ya ndani ya mita itaangusha volti na bodi itajizima wakati wa kuamka utadhani imeharibika). Andika namba. Ng'oa kitaa, andika. Laza redio, andika. Badilisha regyuleta, andika. Niletee hizo namba nne pamoja na jina la bodi lililoandikwa nyuma yake na urefu wa mti wako kutoka kwenye mchanga, halafu tutaamua pamoja kama kuna kitu cha kununua kwa pesa ya ushirika.